Nyasi Kavu Kwenye Matawi

Mama alicheka mpaka akauweka chini ungo wa mchele aliokuwa anapepeta. "Yaani mnalipa hela mkalale nje? Laleni hapo uani, mimi nitawatoza nusu." Nilikuwa nimeenda kumwazima sufuria yake kubwa, ile ya shughuli, na kwa jinsi alivyocheka nikaona nisiombe. Niliichukua jioni akiwa kwenye kikoba chake cha akina mama. Sufuria hiyo nitairudia.

Ilikuwa Desemba 2019, shule zimefungwa. Mimi ni mwalimu wa jiografia wa sekondari hapa Arusha. Wakati ule nilikuwa na miaka tisa ya kuchora Bonde la Ufa ubaoni kwa chaki: kuta mbili, katikati pamedidimia, mishale inavuta huku na huku. Ol Doinyo Lengai nilikuwa naufundisha kila mwaka, kwamba ndiyo volkano pekee iliyo hai duniani inayotoa lava ya kaboneti, nyeusi inapotoka na nyeupe ikishapoa. Mwenyewe nilikuwa sijafika hata Engaruka, kijiji kilicho njiani kuelekea huko. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza, "Mwalimu, umewahi kuuona?" Nikamwambia afungue ukurasa unaofuata.

Basi tukaenda. Tulikuwa wanne: mimi, mdogo wangu wa kiume, shemeji yangu mwenye RAV4 ya zamani, na rafiki yangu ninayefundisha naye. Mpango ulikuwa kukaa usiku tatu kwenye kambi iliyo kando ya Mto Engare Sero, kijiji cha Engaresero, chini ya Lengai na karibu na Ziwa Natron. Siku ya kwanza tupumzike, ya pili twende kwenye maporomoko, na usiku wa tatu wanaume wapande mlima. Hatukutumia kampuni ya utalii, tulijiendea wenyewe. Naandika kwa ajili ya wale wanaotaka kwenda hivyohivyo, maana kila likizo ikikaribia kuna mtu ananipigia kuuliza njia, na namalizia kumsimulia mambo ambayo hakuyauliza.

Nianze na hema. Yalikuwa mawili, moja letu wanawake na moja la wanaume. La wanaume mdogo wangu aliliazima kwa mtu. Letu tulilinunua mtumba sokoni, na muuzaji akaapa kwa jina la Mungu kwamba mvua haipiti. Hakuna aliyefikiria kulisimamisha uani kwanza. Tulipolifungua kule tukakuta vigingi vitano badala ya kumi na mbili, tena vyembamba kama misumari, na zipu ya mlangoni ina meno yaliyolegea. Kama una hema jipya au la kuazima, lisimamishe nyumbani na ulale humo usiku mmoja, watoto wa jirani wakucheke upendavyo. Na ujue kwamba kigingi cha kawaida hakishiki kwenye mchanga. Kinachoshika ni mfuko uliojazwa mchanga, ukafungwa kamba na kuzikwa. Hilo nilifundishwa kule na kijana aliyekuwa anachunga mbuzi.

Kosa la pili lilikuwa nguo. Sisi watu wa Arusha tukisikia mlima tunawaza Meru na Kilimanjaro, yaani baridi. Tulibeba makoti mazito manne na mablanketi. Lengai una kama mita 2,960, ni kweli, lakini kambi iko huko chini, na Natron yenyewe iko mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, imezungukwa na mawe meusi yanayokunywa jua mchana kutwa. Kule ni joto la Dar bila upepo wa bahari. Ulichohitaji ni shuka, kofia pana, nguo nyepesi za mikono mirefu, na koti moja kwa anayepanda mlima usiku. Sisi makoti tuliyafanya mito.

Barabara. Kutoka Arusha hadi Makuyuni na Mto wa Mbu ni lami, huna neno. Mto wa Mbu ndipo pa kujaza tangi, kutoa pesa, na kununua mboga. Mbele ya hapo petroli utauziwa kwenye chupa kwa bei ya anayeuza, na noti ya elfu kumi haina chenji. Ukishageuka kaskazini, zaidi ya kilomita 100 zilizobaki ni kokoto, makorongo, na vumbi la majivu ya volkano ambalo kwa macho linafanana na barabara. Tulilipa ushuru getini mara tatu. Bei sizitaji kwa sababu hubadilika, ila dai risiti na uitunze, maana geti linalofuata wanaiulizia. Sisi ya kwanza tuliipoteza, tukapoteza na nusu saa ya kubishana.

Baada ya Engaruka tukapata pancha. Shemeji akatoa jeki, akaanza kupandisha, na badala ya gari kupanda, jeki ikashuka. Ilizama kwenye majivu kama kijiko kwenye uji. Tukaweka ubao wangu wa kukatia mboga chini yake, ukapasuka vipande viwili. Watoto wawili waliokuwa na ng'ombe wakatutazama kwa muda, kwa heshima, kisha wakaondoka bila kusema kitu na kurudi wamebeba jiwe bapa. Tangu siku hiyo gari lolote ninaloenda nalo porini lina kipande cha mbao nene, spea mbili, na pampu, kwa sababu kwenye majivu unapunguza upepo wa matairi ili yasizame na mbele unahitaji kuujaza tena.

Kwa hiyo tulifika saa kumi na mbili kasoro, badala ya saa nane. Naomba hili lisipite hivihivi, kwa sababu lililotokea baadaye lilianzia hapa. Mtu anayefika jioni, amechoka, ana vumbi mpaka kwenye meno, hachagui mahali pa kulala. Anaangukia popote panapomvutia.

Na palipotuvutia palikuwa pazuri, sitadanganya. Kambi yenyewe haina mambo mengi: ua wa matawi ya miiba, banda la kulia chakula, choo cha shimo, bafu lenye tangi juu, na migunga mikubwa. Pale juu ardhi ni ya mawe. Ukishuka mteremko mdogo usiozidi kimo cha mtu unakuta mchanga wa kijivu, laini, uliosawazika kama umepigwa pasi, halafu mto. Maji yalikuwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Nyuma yake ukuta wa Bonde la Ufa umesimama wote, ule niliouchora miaka tisa kwa mstari mmoja wa chaki, na upande wa pili Lengai, kijivu, mteremko wake umechanika makorongo kutoka juu mpaka chini. Rafiki yangu alivua viatu akatembea kwenye ule mchanga, akasema, "Hapahapa."

Mlinzi wa kambi, mzee wa Kimaasai mwenye koti la jeshi lililopauka juu ya shuka, alishuka kutusalimu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mama, hema leteni huku juu."

"Juu kuna mawe, mzee wangu. Na upepo."

"Mawe yapo. Hapo ni njia ya mto."

"Mto si ule pale?" Nikahesabu kwa hatua mbele yake, kwa madaha kabisa. Zilikuwa ishirini na mbili.

Akanitazama. Kisha akasema, "Haya." Ile "haya" ya watu wazima wanapokuwa wamekata tamaa na wewe lakini adabu haiwaruhusu kusema. Akaongeza tu kwamba basi gari tuliache juu. Shemeji alikuwa ameshaliacha juu, kwa kuogopa kukwama. Uoga wake ndio uliotuachia gari.

Kuna picha niliipiga jioni ile. Inaonyesha mti ulioko mita chache kutoka kwenye hema letu, jua linazama nyuma yake, na kwenye matawi, usawa wa kiuno changu, kumenasa nyasi kavu, vijiti, na kipande cha kamba ya katani, vyote vimelala upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Niliipiga kwa sababu ilipendeza. Mwanafunzi wangu yeyote angeonyeshwa picha hiyo kwenye mtihani angeandika: mafuriko yalifika kimo hiki, maji yalielekea upande huu. Alama mbili. Mimi niliituma kwenye kundi la WhatsApp la familia nikaandika "Mbinguni", ikakaa inazunguka bila kwenda kwa sababu hakuna mtandao.

Usiku wa kwanza ulikuwa mzuri kiasi cha kutuharibu. Tulisikia fisi mbali, nyota zikawa nyingi hadi anga likaonekana zito, na asubuhi ilipofika tukawa wataalamu wa kulala nje. Nyani waliiba mkate na nusu trei ya mayai, tukacheka. Chakula kifungie ndani ya gari. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa. Mdogo wangu alimtoa nge kwenye buti lake, mdogo kama kidole cha mtoto, akamrusha, kisha akakaa chini dakika kumi.

Kuhusu maji nitachelewa kidogo, kwa sababu watu wengi wanakosea kama tulivyokosea. Tulibeba madumu mawili ya lita 20 tukidhani yatatosha kunywa na kupika, na mengine tutachota mtoni tuchemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu. Hakuondoi floraidi, na maji mengi ya ukanda huu wa Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Ndiyo maana wenyeji wengi wa Arusha na kandokando tuna meno yenye rangi ya kahawia. Ukichemsha sana maji yanapungua, madini yanabaki. Kwa siku chache hutaugua, lakini kama una watoto beba maji ya kunywa ya safari nzima, na kwa joto lile hesabu lita tano kwa kila mtu kwa siku, usihesabu kwa chupa.

Na hili ni la wanawake. Siku zangu zilikuja mapema, siku ya pili asubuhi, kwa sababu ya joto au safari, sijui. Sikuwa nimebeba chochote. Duka la kijijini lilikuwa na pakiti moja ya pedi, vumbi juu, nikainunua bila kuuliza bei. Beba, hata kama kalenda inakwambia bado wiki mbili. Usitupe kwenye choo cha shimo wala porini ambako mbwa na fisi watafukua. Weka kwenye mfuko mweusi na urudi navyo mjini. Hakuna aliyewahi kuniambia hayo kabla sijaenda, kwa sababu wote waliokuwa wananielekeza walikuwa wanaume.

Siku hiyo ya pili tulienda kwenye maporomoko. Unapanda korongo ukiukanyaga mto wenyewe, ukuta wa mwamba kushoto na kulia, mahali pengine unashikilia jiwe na kijana anayekuongoza anakuvuta mkono. Kule juu maji yanatoka ukutani kabisa, kama jiwe limetobolewa. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni kwamba kabla hatujaingia, yule kijana alisimama akaangalia juu ya ukuta wa bonde kwa muda mrefu. Nikamuuliza anatafuta nini. Akasema anaangalia wingu. Likikaa kule juu hapeleki mtu, hata kama hapa chini jua linawaka, na hata kama mgeni ameshalipa.

Nikaona hapo ndipo pa kutoa somo. Nikawasimulia wenzangu habari ya hifadhi ya Hell's Gate kule Naivasha, Kenya, Septemba mwaka huohuo, watu saba walivyosombwa na maji kwenye korongo, maji ya mvua iliyonyesha kwingine. Nilieleza vizuri, kwa sauti ya darasani, nikitumia mikono. Wakanyamaza wote. Kisha tukapanda, tukaoga, tukapiga picha, tukarudi, na jioni tukashuka kwenda kulala kwenye mchanga uleule.

Sina maelezo ya kujitetea. Nimejaribu kuyatafuta. Nadhani kichwani mwangu korongo lilikuwa mahali pa hatari, na kambi, kwa sababu tulilipia na ina choo, ilikuwa mahali pa kulala. Maji hayakujua tofauti hiyo.

Usiku tulikula wali na maharage yaliyopikwa kwenye sufuria ya Mama. Juu yetu nyota zilikuwa palepale. Upande wa kusini magharibi, nyuma ya ukuta wa bonde, umeme ulikuwa unamulika bila ngurumo. Rafiki yangu akasema ni kama fataki za mwaka mpya. Nikamweleza kwa nini hatusikii kitu: ni mbali mno, sauti haifiki. Nikaishia hapo. Tukaoshea vyombo mtoni, tukaviacha mchangani vikauke. Shemeji, ambaye anakoroma, alifukuzwa kwenye hema la wanaume akaenda kulala garini.

Kilichoniamsha ni harufu. Tope na samadi, kama mtu amefungua zizi mbele ya pua yangu. Saa ya simu ilikuwa saa nane na dakika kumi na saba. Kisha nikasikia mlio kama lori linavuka daraja la mbao, ila lori lenyewe haliishi kupita. Bado nilikuwa nimelala pale najiuliza ni gari la nani, fimbo ikapiga hema karibu na kichwa changu.

"Tokeni! Acheni vitu! Tokeni!"

Zipu haikufunguka. Mchanga ulikuwa umeingia kwenye yale meno yaliyolegea, na kadiri rafiki yangu alivyovuta ndivyo ilivyozidi kuuma kitambaa. Sakafu ya hema ikaanza kutikisika chini yetu kama godoro la maji. Sikulia wala sikuomba. Nilichokuwa nafikiria, Mungu anisamehe, ni kwamba sijui simu nimeiweka wapi. Kisha sime ikapita kwenye kitambaa kutoka juu hadi chini, mkono ukaingia, ukanishika nguo begani ukanitoa kama mzigo.

Tulipokanyaga chini maji yalikuwa kwenye vifundo. Mpaka tunafika kwenye ule mteremko mdogo, mwendo ambao mchana ningeutembea huku naongea, yalikuwa juu ya magoti na yanavuta, na ndani yake kuna vitu vinavyokugonga usivyoviona. Mdogo wangu alikuwa mbele yetu, peku. Tulipanda kwa kushika mizizi na mikono ya yule mzee. Juu, alitumulika usoni mmoja mmoja kwa tochi. "Mko wanne?" Tukasema wanne. "Wa nne yuko wapi?" Shemeji alikuwa garini, bado anakoroma. Mzee akaenda kumuona kwa macho yake, akarudi, akauliza tena, "Wanne?"

Tulikaa tumefunikwa yale makoti mazito, mito yetu, ambayo shemeji alikuwa ameyapeleka garini alalie. Mzee akawasha moto, akatupikia chai ya maziwa. Nilikuwa nasubiri aseme. Nilikuwa nataka aseme, ingenipunguzia kitu fulani. Hakusema neno lolote kuhusu jana yake. Alitueleza badala yake habari za mlima, jinsi ulivyotetemesha ardhi mwaka 2007 na kumwaga majivu mwaka huo na uliofuata, malisho yakafunikwa na watu wakahamisha mifugo. Alikuwa anatusaidia kusubiri asubuhi.

Asubuhi mto ulikuwa umeshashuka. Si kwenye kifundo tena, lakini wa kawaida, unatembea taratibu, rangi ya chai ya rangi iliyozidi majani. Pale palipokuwa na mahema pamechimbika, na mchanga mpya umetandazwa mbele kidogo, laini, umepigwa pasi, unamsubiri mgeni mwingine. Kwenye ule mti, juu ya nyasi kavu nilizozipiga picha, kulikuwa na nyasi mbichi, kimo kilekile. Kanga yangu ilikuwa humo.

Tulichopoteza: mahema yote mawili, jiko na mtungi wake mdogo wa gesi, dumu, vyombo vyote, sufuria ya Mama, buti za mdogo wangu na ndoto yake ya kupanda mlima. Huwezi kuupanda Lengai kwa ndala. Hema la kuazima lililipwa shilingi 180,000, kwa awamu tatu, na urafiki haujarudi kama ulivyokuwa. Sisi wanne tulitoka nyumbani na shilingi 450,000 ya matumizi na tulirudi na 11,000.

Pia tulipoteza siku mbili, kwa sababu makorongo mawili kwenye barabara ya Engaruka yalikuwa yamejaa na hakuna gari lililokuwa linapita. Kijijini tulinunua unga, maziwa, na mbuzi nusu tuliogawana na madereva wengine waliokwama. Hakuna aliyekuwa na haraka isipokuwa sisi. Dereva mmoja wa lori alinipa kanuni ambayo naitumia mpaka leo: maji ya korongo yakiwa yanapita, zima gari, kaa kivulini, weka kijiti ukingoni mwa maji uone kama yanapungua. Ukishindwa kuvuka kwa miguu huku fimbo inagusa chini, gari nalo halivuki. Safari ya kule ipangie siku mbili za ziada, chakula chake na pesa yake, hasa Novemba na Desemba au kuanzia Machi hadi Mei.

Mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kilima kimoja. Nilipanda kumpigia Mama. Nikamwambia tuko salama, barabara imekatika. Akasema, "Sauti yako si ya mtu aliye salama." Nikakata nikasingizia chaji.

Nitasema na hili, kwa kuwa watu wanaporudi safarini wanasimulia tu yale ya kuchekesha. Kwa miezi kama miwili nilikuwa siwezi kulala mlango wa chumba ukiwa umefungwa kwa komeo. Mikono inatafuta zipu. Lori likipita barabarani usiku nakaa kitandani. Nilidhani ni udhaifu mpaka rafiki yangu alipokiri kwamba yeye analala na kisu cha matunda chini ya mto. Tukazungumza, sisi wawili, mara nyingi kuliko tulivyozungumza kabla yake. Mtu akitoka kwenye jambo kama hilo msimwambie "si mmepona bwana". Mwacheni asimulie hata mara ya kumi.

Yule mzee tulimpa pesa tuliyoweza. Aliipokea kwa mikono miwili, akaihesabu mbele yetu, akamwita yule kijana wa maporomoko akampa sehemu, kwa sababu kumbe ndiye aliyepiga kelele kutoka upande wa juu kwamba maji yanakuja.

Nilirudi Juni 2021, kiangazi, na walimu wenzangu wanne. Wamejifunza kusimamisha hema uani mwangu, Mama akiwaangalia kutoka dirishani. Zipu zote tulizipaka mshumaa. Tulifika saa saba mchana. Kabla sijashusha chochote nilizunguka nikiangalia matawi ya miti, siyo ardhi, kisha nikamuuliza mzee tulale wapi. Akatuonyesha pale penye mawe. Tuliyaondoa kwa mikono, saa nzima, na usiku upepo ukashuka kutoka kwenye ukuta wa bonde ukapiga mahema mpaka alfajiri kama mtu anakung'uta mazulia. Hakuna aliyelala. Mwalimu wa hesabu aliuliza kwa nini tusishuke pale mchangani, pametulia. Nikamuonyesha mti.

Siku ya kuondoka mzee aliniita nyuma ya banda. Akatoa kwenye mfuko wa sandarusi mfuniko wa sufuria, wa aluminiamu, umepinda pande mbili kama kofia. Aliuokota huko chini, karibu na ziwa, akautambua, akautunza mwaka mmoja na nusu.

Nilimpelekea Mama. Aliugeuza, akaukuna kwa ukucha palipokuwa na herufi zake za kwanza alizozichora kwa msumari, akauweka mezani. Nikaanza kumsimulia tangu mwanzo: mchanga, umeme, fimbo, sime, mkono ulioingia. Alisikiliza yote bila kunikatiza, macho yamejaa maji. Nilipomaliza akajifuta kwa ncha ya kanga.

"Na sufuria yenyewe," akasema, "nani alikuruhusu uichukue?"